EEG: kipimo cha kuranti ya ubongo ni nini, na mgonjwa wa kifafa anakihitaji wakati gani?

Hapa Vitshumbi kifafa ni ugonjwa wenye hatari mara mbili. Mtu akianguka sokoni, watu wanamwona na wanamkimbilia. Lakini akianguka usiku ndani ya pirogi, katikati ya Ziwa Edouard, maji hayamngojei. Ndiyo sababu familia, wakisikia munganga anataja neno «EEG», wanaanza mara moja kuhesabu ni kitu gani watauza: mbuzi, nyavu, wengine hata pirogi yenyewe, ili mgonjwa apelekwe Goma ao mbali zaidi.

Kabla ya kuuza kitu, ni vizuri kujua kipimo hiki ni nini, kinaonyesha nini na hakionyeshi nini. Kuna watu wanakihitaji kweli. Kuna wengine wengi ambao wangeweza kuanza dawa bila hicho, lakini wanakaa miaka wakingojea makuta ya safari huku wanaendelea kuanguka.

Ubongo unafanya kazi na kuranti

Ndani ya kichwa cha mtu muna mabilioni ya seli za ubongo. Seli hizi zinaongea kati yao kwa njia ya kuranti ndogo sana pamoja na dawa za asili ambazo mwili wenyewe unatengeneza. Unapotembea, unaposikiliza redio, hata unapolala, mazungumzo hayo hayasimami.

Kuranti ya seli moja haiwezi kusikika kutoka nje ya kichwa. Fikiri umesimama pembeni ya ziwa usiku. Mvuvi mmoja akinong'ona kule mbali, hausikii kitu. Lakini wavuvi wote wa pirogi kumi wakiimba pamoja, sauti inafika mpaka nchi kavu. Ni vile vile kwa ubongo: maelfu na maelfu ya seli zikifanya kazi kwa wakati mmoja, alama yao inapita mfupa wa kichwa na ngozi, na mashine inaweza kuikamata.

Hata hivyo alama hiyo ni ndogo sana. Kawaida inakuwa kati ya sehemu 10 na 100 za milioni ya volti moja. Betri ndogo ya tochi ina volti 1.5, ndiyo kusema inapita kuranti hiyo zaidi ya mara 10,000. Kwa hiyo mashine inapaswa kwanza kuikuza, kisha inaichora kama mistari inayopanda na kushuka. Zamani mistari hiyo ilichorwa kwa wino kwenye karatasi ndefu. Leo inaonekana kwenye kompyuta. Mchoro huo ndio unaitwa elektroensefalogramu, kwa kifupi EEG.

Mistari hiyo inaitwa mawimbi, na wanganga wanayagawa kufuatana na mwendo wake. Mawimbi ya alfa yanapanda na kushuka mara 8 mpaka 13 kwa sekunde moja. Yanaonekana kwa mtu mzima aliyefumba macho na kutulia bila kulala. Ya beta yanakwenda mbio zaidi, kupita mara 13, mtu akiwa macho na akili ikifanya kazi. Ya theta ni ya polepole, mara 4 mpaka 7, na yanakuja usingizi unapoanza. Ya delta hayafiki mara 4 kwa sekunde. Ni ya usingizi mzito. Kwa mtoto mdogo mawimbi ya polepole ni ya kawaida hata akiwa macho, kwa hiyo anayesoma mchoro anapaswa kujua umri wa mgonjwa.

Kilianza wapi

Mwaka wa 1875, munganga Mwingereza Richard Caton, wa Liverpool, alionyesha kwamba ubongo wa wanyama unatoa kuranti. Lakini mtu wa kwanza kuipima juu ya kichwa cha binadamu alikuwa Mjerumani Hans Berger, munganga wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena. Alifanya hivyo mwaka wa 1924, na akatangaza matokeo yake mwaka wa 1929.

Habari ya Berger ina jambo la ajabu. Alipokuwa kijana jeshini, farasi alimwangusha na kidogo afe. Siku ile ile baba yake alimtumia telegramu kuuliza hali yake, sababu dada yake alikuwa amesikia moyoni kwamba kaka yake yuko katika hatari. Berger akafikiri labda mawazo yanaweza kutoka katika kichwa kimoja na kufika katika kingine, na akatumia maisha yake kutafuta nguvu hiyo. Hakuipata. Alichopata ni mawimbi ya alfa na beta, na leo yanasaidia wagonjwa dunia nzima.

Mwanzoni wenzake hawakumwamini. Mwaka wa 1934, Edgar Adrian na mwenzake wa Cambridge, Uingereza, walirudia kazi yake wakaona alisema kweli. Mwaka uliofuata, wanganga wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba watoto wenye aina moja ya kifafa, wale wanaokauka macho sekunde chache bila kuanguka, wana mchoro wao wa pekee: mawimbi yenye ncha kali yanayorudi mara 3 kwa sekunde. Tangu hapo EEG ikawa kipimo cha kifafa.

Namna kipimo kinafanyika

Watu wengi wanaogopa EEG sababu wanafikiri wataingiziwa kuranti kichwani. Hapana. Mashine haiingizi kitu, inasikiliza tu. Hakuna sindano, hakuna kukatwa, hakuna kulazwa usingizi wa kupasuliwa. Hata mtoto mchanga na mama mjamzito wanaweza kupimwa.

Mgonjwa anakaa ao analala juu ya kitanda. Mfanyakazi anapima kichwa kwa utepe, kisha anabandika visahani vidogo vya madini kwa kutumia pomadi ya pekee inayopitisha kuranti. Kwa kawaida ni visahani 21, vikipangwa kwa utaratibu mmoja dunia nzima tangu mwaka wa 1958. Hospitali zingine zinatumia kofia ambayo visahani vimekwisha kushonwa ndani. Kila kisahani kina waya unaokwenda kwenye mashine.

Kipimo chenyewe kinachukua kama dakika 20 mpaka 30. Matayarisho yanaweza kuchukua muda huo huo. Mgonjwa ataambiwa afumbe macho, ayafungue, kisha apumue kwa nguvu kwa dakika 3 hivi. Watawasha pia taa inayomulika na kuzima haraka haraka mbele ya macho. Mambo hayo mawili yanaweza kuamsha alama za kifafa zilizojificha. Mara chache mgonjwa anapata shambulio hapo hapo, ndiyo maana mfanyakazi anabaki karibu naye.

Mambo ya kutayarisha ni haya:

- Kichwa kioshwe siku moja mbele, na kisipakwe mafuta.
- Nywele za kusuka, meshi na wigi zitolewe. Mama zetu wengi wanafika na msuko mpya waliolipia, halafu wanarudishwa nyumbani, sababu visahani vinapaswa kugusa ngozi ya kichwa.
- Mgonjwa ale vizuri. Njaa inaweza kubadili mawimbi.
- Dawa za kifafa asiziache, ila munganga mwenyewe akisema hivyo. Kuziacha gafla kunaweza kuleta mashambulio makali moja kwa moja.
- Munganga akiomba mgonjwa asilale usiku wa kuamkia kipimo, ao alale saa chache tu, afuate. Uchovu na usingizi vinasaidia alama za kifafa kuonekana. Lakini usiku huo mtu abaki naye, asiachwe peke yake.

Munganga anatafuta nini

Kifafa ni kama zogo la kuranti: kundi la seli zinapiga kelele zote pamoja bila utaratibu. Zogo likianzia sehemu moja ya ubongo, mgonjwa anaweza kushituka mkono mmoja tu, kutafunatafuna mdomo, ao kuongea maneno yasiyo na maana. Likishika ubongo mzima, anaanguka na mwili wote unatetemeka. Kati ya shambulio na shambulio, ubongo wa mgonjwa unaweza kuacha alama kwenye mchoro: ncha kali zinazotokea gafla. Mahali zinapotokea panamsaidia munganga kujua ni kifafa cha aina gani, na dawa gani inafaa. Ni jambo kubwa, sababu kuna dawa zinazotuliza aina moja na kuzidisha nyingine.

EEG inasaidia pia kwa mgonjwa aliyepoteza fahamu. Huko Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, watafiti waliwapima watoto wenye malaria iliyopanda kichwani. Waligundua kwamba watoto wengine waliokuwa wametulia kitandani, walioonekana wamelala tu, ubongo wao ulikuwa katikati ya shambulio. Alama pekee kwa nje ilikuwa jicho linalochezacheza, mate yanayotoka, ao pumzi inayobadilika. Kwa muuguzi wa kwetu, hilo ni fundisho: mtoto wa malaria kali asiyeamka anapaswa kuangaliwa machoni na mdomoni, hata kama mashine haiko.

Kuna kazi nyingine inayogusa sana Kivu yetu. Watu waliopita katika vita, kubakwa, ao kufiwa vibaya, wanaweza kupata mashambulio yanayofanana kabisa na kifafa, lakini wakipimwa wakati wa shambulio lenyewe, mawimbi yanabaki ya kawaida. Watu hao si waongo wala hawajifanyi. Maumivu ya moyo yanapita kwa njia ya mwili. Dawa za kifafa haziwasaidii; wanahitaji mtu wa kuwasikiliza na matunzo ya afya ya akili.

Kile ambacho EEG haiwezi

Jambo la kwanza: EEG nzuri haimaanishi kwamba mtu hana kifafa. Kipimo ni dakika 30 tu za maisha yake, na zogo linaweza kuwa limetulia siku hiyo. Karibu nusu ya wenye kifafa, kipimo chao cha kwanza hakionyeshi kitu. Kukirudia, ao kukifanya mgonjwa akiwa usingizini, kunaongeza nafasi ya kuona.

La pili: kinyume chake pia ni kweli. Kuna watu wachache wenye alama mbaya kwenye mchoro ambao hawajawahi kuanguka hata siku moja. Munganga mzuri hatibu karatasi, anatibu mtu.

La tatu: EEG si picha. Haionyeshi uvimbe, damu iliyomwagika ao vifuko vya mnyoo wa nguruwe ndani ya ubongo. Kwa hayo kunahitajika skaneri. Na kipimo cha moyo, kile cha waya kifuani, ni kingine tena.

La ine: EEG haisomi mawazo, haionyeshi pepo wala nani amemloga nani. Na haiponyeshi. Mtu anayeuza dakika za mashine akisema inatoa ugonjwa, huyo anakula makuta yako.

Je, familia iuze pirogi?

Hapa ndipo penye uzito. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema watu karibu milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu 80 kwa mia kati yao wanaishi katika nchi zenye mapato madogo na ya kati, kama yetu. Mpaka 70 kwa mia wangeweza kuishi bila mashambulio kama wangetambuliwa na kutibiwa vizuri. Lakini katika nchi maskini, robo tatu ya wagonjwa hawapati dawa wanazohitaji.

OMS hiyo hiyo inashauri vituo visivyo na munganga wa ubongo visiifanye EEG kuwa sharti la kuanza matibabu. Kifafa kinatambuliwa kwanza kwa habari: mtu aliyepata mashambulio mawili ao zaidi, yaliyoachana angalau saa 24, bila homa kali, bila malaria, bila pombe ao jeraha jipya la kichwa kuyaeleza. Muuguzi aliyefundishwa ao munganga wa hopitali anaweza kumwanzishia dawa. Fenobarbitali, dawa ya zamani na ya bei ndogo, iko kwenye orodha ya dawa za lazima.

Kwa hiyo «mashine» ya kwanza ni yule aliyeona. Mgonjwa mwenyewe hajui kilichotokea. Yule aliyekuwa naye ndani ya pirogi, ao dada aliyelala naye chumba kimoja, ndiye anapaswa kumsindikiza kituoni. Aeleze: ilianza upande gani? Macho yalikuwa wazi ao yamefumbwa? Ilichukua dakika ngapi? Alijiuma ulimi, alijikojolea? Baadaye alilala ao aliamka mara moja? Wenye telefone ya kamera wanaweza kupiga video fupi, kwa heshima, ya kumwonyesha munganga peke yake, si ya kutuma ovyo.

Nani basi anahitaji EEG kweli? Ni yule ambaye dawa hazimtulizi ijapokuwa anazimeza kila siku. Yule ambaye munganga ana shaka kama ni kifafa ao jambo lingine. Mtoto anayekauka macho mara nyingi kwa siku, ao anayeanza kusahau alichojua. Na mtu aliyepoteza fahamu bila sababu kujulikana.

Vitshumbi mashine hiyo haiko. Njia ya kawaida ni kupitia kituo cha afya, kisha hopitali kuu ya Rutshuru, kisha Goma, safari ya zaidi ya kilometa mia moja ambayo vita imeifunga mara nyingi. Goma kuna kituo cha afya ya akili Tulizo Letu, cha shirika la Frères de la Charité, kinachopokea pia wenye kifafa. Shirika hilo hilo lina hospitali ya Ndera karibu na Kigali, Rwanda, ambako EEG inafanyika. Kinshasa iko CNPP, kituo cha Chuo Kikuu kinachotibu magonjwa ya ubongo na akili. Kabla ya kupanda gari, mwombe munganga wako akupe barua na apige simu kwanza: je, mashine inafanya kazi wiki hii, na ni nani atasoma mchoro? Mchoro usiosomwa na mjuzi ni karatasi tu.

Utafiti uliofanyika karibu na sisi

EEG imesaidia kufumbua fumbo la Afrika ya Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, munganga Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alifungua kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanzania. Aliona watoto ambao kichwa kinaanguka mbele tena na tena kama mtu anayesinzia, hasa wakipewa chakula. Miaka mingi baadaye ugonjwa huo wa kutikisa kichwa ukaonekana kwa wingi kaskazini mwa Uganda, Kitgum na Pader, kati ya watu waliokuwa wameteswa na vita. Wengine walisema ni roho za waliouawa.

Watafiti walipowawekea watoto wa Kitgum visahani vya EEG na kurekodi wakati kichwa kinaanguka, mchoro ulionyesha wazi: ni aina ya kifafa, ile ambayo misuli inalegea gafla. Jibu hilo lilifungua mlango wa dawa za kifafa, na watoto wengi wakapata nafuu.

Kwetu Kongo, katika zoni ya afya ya Logo, Ituri, watafiti walikuta kifafa kingi kwenye vijiji vilivyo karibu na mito ya maji ya kasi, kule wanakozaliwa inzi weusi wanaoleta ugonjwa wa upofu wa mtoni. Ndiyo maana leo kugawa ivermektini, ile Mektizani, kunahesabiwa pia kama njia ya kukinga watoto na kifafa. Vyanzo vingine tunavijua: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria ya kichwa, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa, na mnyoo wa nguruwe. Kifafa chenyewe hakiambukizwi kwa mate ya mgonjwa. Kumgusa anapoanguka hakukupi kifafa.

Kwa wavuvi na mama wanaokausha samaki

Ukingoja kipimo, ao hata usipokipata kamwe, mambo haya yanaokoa maisha:

- Mwenye kifafa kisichotulia asiende ziwani. Afanye kazi ya nchi kavu: kushona nyavu, kupima samaki, kuuza. Tusimwache bila kazi, tumbadilishie kazi.
- Asioge ziwani peke yake, wala asichote maji peke yake. Kifafa, viboko na maji ya kina haviendi pamoja.
- Mama mwenye kifafa asibaki peke yake kwenye moto wa kukausha samaki. Jiko liinuliwe ao lizungushiwe matofali.
- Mtu akianguka: mwondolee vitu vya kuumiza, weka nguo laini chini ya kichwa, mgeuze ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimkaze mikono. Angalia saa: ikipita dakika 5, ao mashambulio yakifuatana bila yeye kuamka, mpeleke kituoni mbio.
- Akishikwa ndani ya maji: shika kichwa chake kibaki juu, mtoe, na hata akiamka vizuri mpeleke kituoni, sababu maji yanaweza kuwa yameingia mapafuni.
- Dawa zimezwe kila siku. Hata akikaa miaka 2 bila kuanguka, munganga ndiye anaamua kuzipunguza, polepole.
- Mwanamke anayetumia valproati azungumze na munganga kabla ya kushika mimba. Dawa hiyo inaweza kudhuru mtoto tumboni.
- Mtoto wa kifafa aende masomo. Mwalimu aambiwe la kufanya.

EEG ni chombo kizuri, na siku itafika karibu na ziwa letu tutaifurahia. Lakini mgonjwa wa leo asingojee siku hiyo. Aanze na kituo cha afya cha hapa, akiwa na mtu aliyeona na maelezo kamili. Pirogi ibaki majini, ilishe nyumba na ilipe dawa za kila mwezi.